Someni Hadi Kifungu cha 259

Sabato iliyopita nilikaa benchi la nyuma katika kanisa moja karibu na Keroka, nikatoka nimekasirika. Mzee aliyehubiri alianza na lile onyo la Kumbukumbu la Torati, la kutoongeza neno wala kupunguza, kisha akaruka mpaka Nairobi. Majaji, akasema, wanatuchezea. Katiba isomwe kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, tafsiri hatutaki. Amina zikajaa kanisa.

Nilitazama saa. Mzee huyo alikuwa ameufafanua mstari mmoja kwa dakika hamsini, na ng'ombe wa jirani akaingizwa humo mara mbili kama mfano. Mstari mmoja! Katiba ina vifungu 264, lakini hiyo ati inajieleza yenyewe.

Wimbo huu wa "kama ilivyoandikwa" nausikia kwenye matatu, matangani, na hotelini chai ikimiminwa. Anayeuimba hujiona mwaminifu kuliko wenzake. Mimi namwuliza swali moja tu: umefika Kifungu cha 259? Hicho nacho kimeandikwa, mzee wangu. Kinaamuru Katiba ifasiriwe kwa njia inayoendeleza malengo na maadili yake, haki za binadamu na utawala bora. Kinasema sheria ichukuliwe kuwa inazungumza wakati wote, maana yake haikunyamaza siku ilipozinduliwa, tarehe 27 Agosti 2010. Rudi nyuma hadi cha 20: mahakama ikitekeleza haki, ichague tafsiri inayoipa haki hiyo nguvu zaidi. Kwa hiyo anayeibana Katiba kwenye herufi ndiye anayezivunja herufi zenyewe. Ndiye anayepunguza neno.

Hata hatuna haja ya kwenda mbali. Jedwali la Kwanza linataja kaunti 47. Kisii ni ya 45, Nyamira ya 46. Basi, jina na nambari. Sasa nenda Keroka, mji uliokaa mpakani, ambao kaunti hizo mbili zimeugombania miaka na miaka kwa sababu ya ushuru wa soko. Mama amepanga mikungu yake ya ndizi chini ya mwavuli, mguu mmoja wa meza huku na mwingine, pengine, kule. Akija mwenye kitabu cha risiti, neno "Nyamira" litamwambia nini mama huyo? Msomee herufi kwa herufi mpaka jua lizame. Itabidi mtu aulize kaunti ziliundwa kwa nini, na anayeumia ni nani. Hiyo ndiyo tafsiri.

Kuna wanaonijibu kwamba tukiwaachia majaji mlango, kesho watatuambia ng'ombe ni mbuzi. Jamani! Aliyewahi kulipa mahari Gusii anajua kwamba sisi wenyewe huketi kutwa nzima tukibishana ng'ombe ni ng'ombe gani, na hakuna anayeondoka na mbuzi. (Tena hao hao wanaoogopa majaji hawaogopi mwanasiasa akipanda madhabahuni na bahasha, akahutubia dakika arubaini kuhusu adui zake, watoto wakisinzia. Hilo liliandikwa wapi?)

Na uaminifu wao kwa herufi tuliuona mwaka 2020. Katiba inataka wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika taasisi za kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo, na Kifungu cha 261 kinasema wazi: likishindwa hata baada ya amri ya Mahakama Kuu, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, na Rais atalivunja. Tarehe 21 Septemba, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, mwana wa Nyamira, akaandika ushauri huo. Alifanya kile kile mhubiri wangu anachodai. Je, waimbaji wa "kama ilivyoandikwa" walishangilia? Thubutu! Ghafla wakagundua busara, hali ya nchi, gharama ya uchaguzi, roho ya Katiba. Hapa kwetu nilisikia wazee wakimlaumu kwamba amekuwa mgumu mno, kama vile wanavyomlaumu kwa Sabato yake. Wakitaka kumnyima mtu haki, herufi ni takatifu. Herufi ikiwagusa wao, wanatafuta tafsiri hata kwa tochi. Bunge halikuvunjwa.

Mimi namtetea Maraga, na si kwa sababu ya herufi peke yake. Amri hiyo iliwekwa ili wanawake waingie mlangoni, na yeye aliisoma akijua mlango umefungwa.

Uchaguzi wa 2022, maeneobunge yetu 13, tisa ya Kisii na manne ya Nyamira, yalipeleka wabunge 13 Nairobi. Wote ni wanaume.