Chuo kidai kazi, si programu

Mhadhiri akisema "nitumieni kwa Word", darasa zima huitikia, maana inachukuliwa kwamba kila mwanafunzi anayo. Wengi wanayo kweli, ila iliyokrakiwa: imewekwa na rafiki kutoka kwenye flashi iliyokwisha kuzunguka hosteli nzima, pamoja na virusi vyake. Chuo kinachomwadhibu mwanafunzi kwa kunakili aya mbili bila kutaja chanzo hupokea kila muhula kazi zilizoandikwa kwa programu ya wizi, na hakioni tatizo.

Njia ya halali ipo, tena ya bure: LibreOffice. Programu hii ya ofisi ilianzishwa Septemba 2010, miezi michache baada ya Oracle kuinunua Sun Microsystems, pale kundi la watengenezaji wa OpenOffice, programu iliyokuwa chini ya Sun, lilipoamua kujitenga. Humo ndimo nilimoandikia kazi zangu za chuo, hadi tasnifu. Tanbihi hazikuhama, takwimu nilizipanga kwenye Calc, na maoni ya msimamizi yalijitokeza pembeni kama alivyoyaandika kwenye Word yake.

Haikuwa mteremko. Slaidi zenye michoro inayotembea sizitetei, hizo huvurugika. Kwenye maandishi, mchokozi mkubwa ni fonti. Word ilianza kutumia Calibri kama fonti yake ya kawaida katika toleo la 2007, na kompyuta isiyo nayo hubandika nyingine mahali pake. Upana wa herufi ukitofautiana kidogo tu, jedwali lililoenea ukurasa mmoja humwaga mstari wa mwisho ukurasa unaofuata. Carlito, fonti ya bure iliyochongwa kwa vipimo vya Calibri, huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Lakini mafaili huvurugika hata yakitoka Word kwenda Word. Mwanafunzi amekishusha kichwa cha sura kwa kugonga "enter" mara kumi, kisha orodha ya Yaliyomo ameichapa kwa mkono, nukta kwa nukta hadi kwenye namba ya ukurasa. Msimamizi akiagiza aya moja iongezwe, namba zote zinakuwa za uongo, na bumu linaishia steshenari kulipia marekebisho. Aliyeweka vichwa kwa mitindo iliyomo ndani ya programu huisasisha orodha hiyo kwa kubofya tu, iwe kwenye Word au LibreOffice. Ujuzi huu ndio unaostahili kufundishwa mwaka wa kwanza, badala ya kumkaririsha mtu vitufe vya kampuni moja.

Wapo watakaosema Microsoft hutoa toleo la mtandaoni bila malipo kwa taasisi za elimu zinazokidhi masharti. Ni kweli, na kwa mwenye intaneti ya uhakika linatosha. Mwenye bando la kuungaunga anahitaji programu inayokaa kwenye mashine yake.

Isitoshe, programu ya bure ya ofisi si jambo la kuletewa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Na ODF, muundo wa mafaili unaotumiwa na LibreOffice, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Word yenyewe huufungua.

Wakuu wa vyuo, rekebisheni miongozo yenu: rasimu ipokelewe kwa ODF au docx, nakala ya mwisho kwa PDF, na jina la programu lifutwe.