USANIFU WA NDANI SI MAPAMBO MATUPU

Mji wa Mugumu unapanuka. Nyumba za tofali na bati zinaongezeka, na wenye nyumba za wageni wanataka kumridhisha msafiri aendaye Hifadhi ya Serengeti. Si ajabu basi kwamba wapo vijana wanaotamani kazi ya usanifu wa ndani ya majengo. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini swali linalopaswa kutangulia ada ni hili: je, kazi yenyewe inamfaa kijana huyo? Ng'ombe akishauzwa harudi zizini, na mzazi ana haki ya kujua amemuuza kwa ajili ya nini.

Wengi hudhani kwamba kazi hii ni kuchagua mapazia, makochi na rangi. Hayo huja mwisho. Msanifu huanza kwa kupima: upana wa chumba, kimo cha dari, mlango unafungukia wapi, jua la jioni linaingia dirisha lipi. Kisha huchora kwa vipimo, ambapo mita moja ya chumba huweza kuwa sentimeta mbili za karatasi. Hukadiria gharama, huwaelekeza seremala, fundi rangi na fundi umeme, na humjibu mwenye mali fedha zinapozidi makisio. Asiyependa hesabu, wala kuvumilia vumbi la ujenzi, ataiona kazi hii chungu.

Sifa ya pili ni kusikiliza. Chukua mfano wa zahanati. Kina mama watangojea wapi? Kitanda cha mgonjwa kitapita mlangoni? Ukuta utaosheka? Uzuri usiojibu maswali hayo ni gharama tu. Wajenzi wa kale wa Lamu walilielewa jambo hili: zidaka walizozitia katika kuta nene zilikuwa pambo, na papo hapo mahali pa kuwekea vyombo. Huku kwetu, hoteli ya Lobo iliyomo ndani ya Serengeti ilijengwa katikati ya majabali, na mawe yakaachwa yawe sehemu ya jengo. Huko ni kuheshimu mahali.

Riziki nayo izungumzwe bila kufichana. Sehemu kubwa ya kazi hii iko mijini. Katika mji kama wetu ni wachache wanaoweza kumlipa mtu kwa mchoro peke yake. Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007, hufundisha usanifu wa ndani kwa ngazi ya shahada. Lakini iko pia njia ya ufundi. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha stadi kama useremala na umeme wa majumbani. Mwenye ufundi mkononi hali mchoro. Hula kazi yake huku akijifunza kuchora.

Rai yetu ni kwamba kabla ya ada, kijana ajaribiwe. Apime darasa moja, alichore, apange madawati ili kila mwanafunzi aone ubao, kisha akadirie gharama kwa bei za maduka ya hapa mjini. Wakati wa likizo amtumikie seremala, ajue mbao inavyopinda na mteja anavyobadili nia. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulihimiza masomo yasitengwe na kazi; jaribio hili ni la namna hiyo. Akirudi na hamu ile ile, awe wa kike au wa kiume, asizuiwe.

Mzazi asimuulize mwanawe kama anapenda vitu vizuri, kwani nani asiyevipenda? Amuulize kama yu tayari kuufuta mchoro wake mara ya tatu kwa ajili ya haja ya mtu mwingine.