Matope ya Chesongoch yana njia yao. Mbona bado yanatupata tumelala?

Wasee, cheki vile Chesongoch imepigwa. Aprili 2020 matope yalishuka kutoka milimani, yakaua watu. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025 yakashuka tena huko Marakwet Mashariki, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kila mara ni rambirambi, watu wanaambiwa wahame, stori inaisha.

Tuelewane kwanza. Haya si mafuriko ya kawaida. Mvua ikinyesha hadi udongo wa mteremko ujae maji, haushikani tena. Unashuka na mawe na miti, mzito kama simiti mbichi, na unaweza kupita spidi ya kilomita 50 kwa saa. Ukisikia mngurumo, usiwahi kukimbia ukifuata bonde. Hapo hutoboi. Toka kando, panda mahali pameinuka.

Sasa teknolojia inaingia aje? Setilaiti ya Ulaya inaitwa Sentinel-1 hutumia rada, kwa hivyo inaona ardhi hata usiku, hata kukiwa na mawingu. Picha zake ni za bure. Ukiziweka pamoja na ramani ya miinuko, programu kama RAMMS ya Uswisi inapiga hesabu: matope yakianzia pale juu, yatapita wapi, yatakuwa na kina gani, yatasimama wapi. Hesabu hiyo ikiingizwa kwenye miwani ya VR, unasimama kwa boma lako na kuyaona yakija.

Hiyo ndiyo maana ya miwani, si mchezo. Ramani yenye rangi nyekundu haimtishi mtu. Lakini budaa akiona nyumba yake ikifunikwa, ataanza kuuliza maswali ya maana.

Ila tusidanganyane. Ramani ya bure ya miinuko ambayo NASA ilipima mwaka 2000 ina vijisanduku vya mita 30. Korongo jembamba linapotelea humo, na hapo ndipo matope hupita. Lazima droni zirushwe, na wazee waulizwe matope ya zamani yalifika wapi. Bila hiyo, unavalisha watu miwani ya uongo.

Halafu kuna ile noma yenyewe. Watu hawakai chini ya mlima kwa sababu ni wajinga. Shamba liko hapo, shule iko hapo, makaburi ya wazazi yako hapo. Kumwonyesha mtu vile atakufa bila kumwonyesha atahamia wapi ni kumwekea sinema ya kutisha.

Kama kwenu ni chini ya mteremko, muulize chifu mambo matatu kabla mvua ianze: matope yatapitia wapi, nani atatuamsha, na tukitoka tutaenda wapi? Akikosa jibu la hayo, hata VR ya bei gani haitawasaidia.