ATEX: Anayepima hatari ndiye anayelipa gharama

TAREHE 20 Agosti, 1997, ghala la nafaka lililipuka mjini Blaye, kusini magharibi mwa Ufaransa, na kuua watu 11. Hapakuwa na bomu wala mtungi wa gesi. Kilichowaka ni vumbi la nafaka, na wachunguzi walitaja msuguano au kugongana kwa vyuma ndani ya feni ya kunyonyea vumbi kuwa miongoni mwa vyanzo vilivyodhaniwa zaidi.

Ajali hiyo inaonyesha kwa nini sheria za Umoja wa Ulaya zijulikanazo kama ATEX hazikuishia kwenye nyaya na swichi za umeme. Agizo la 94/9/EC la mwaka 1994, lililokuwa la lazima kuanzia Julai 1, 2003, liligusa pia pampu, giaboksi na feni, na lilihusu vumbi pamoja na gesi. Aprili 20, 2016, nafasi yake ilichukuliwa na Agizo la 2014/34/EU, lenye msingi ule ule.

Hata hivyo, sheria hizo zina pande mbili, na hapo ndipo penye utata.

Upande wa kwanza ni wa mtengenezaji. Kifaa chake hakiuzwi bila alama ya CE na nembo ya Ex ndani ya umbo la pembe sita. Vifaa vya kundi la 1, vinavyofaa mahali penye hatari ya kudumu, sharti vipimwe na taasisi huru iliyoidhinishwa. Kwa vile vya kundi la 3, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe.

Upande wa pili ni wa mwajiri. Agizo la 1999/92/EC linamtaka ayagawe maeneo yake katika kanda: 0, 1 na 2 kwa gesi, 20, 21 na 22 kwa vumbi, kadiri hatari inavyojitokeza mara kwa mara au kwa nadra. Aidha, aandike waraka wa kujikinga na milipuko. Viwanda vya zamani vilipewa hadi Juni 30, 2006 kutimiza masharti hayo.

Kwa maneno mengine, mwenye kiwanda ndiye anayeamua ukubwa wa hatari yake, na ndiye anayelipia uamuzi huo. Eneo likiandikwa kanda 22 badala ya 21, vifaa vya bei nafuu vinaruhusiwa. Kishawishi hicho hakiondolewi na nembo yoyote.

Isitoshe, nembo haifagii sakafu. Unga wa ngano, sukari au vumbi la mbao likiachwa lirundikane juu ya mota, au fundi akifunga kipuri kisichostahili, kifaa kilichopita vipimo vyote hugeuka kuwa chanzo cha moto.

Kwa hiyo mkaguzi anayeishia kusoma vibandiko vya mashine amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki imo katika ramani ya kanda: nani aliichora, lini, na je, bado inalingana na kiwanda kilivyo leo?