Plagi Inunuliwe kwa Namba, Si kwa Kufanana

Ukienda kununua plagi ya pikipiki hapa kwetu, iwe Rulenge, Benaco, Nyakanazi au Biharamulo mjini, mambo huwa yale yale. Unafungua plagi ya zamani, unaipeleka mkononi, muuzaji anaiweka pembeni ya mpya, anatazama unene na urefu, halafu anasema: "Hii inaingia." Unalipa, unaondoka. Mimi naona neno hilo "inaingia" linatugharimu sana, wenye pikipiki na wenye pampu za kumwagilia, na wakati umefika tuliache.

Tumehangaika miaka mingi tukiomba mkulima asome mfuko kabla ya kununua, na wengi sasa mnasoma. DAP ni 18-46-0, Urea ni 46-0-0, na mfuko wa mbegu mnautafutia lebo ya TOSCI. Hakuna anayekubali kuuziwa mbolea kwa kuambiwa kwamba chembe zake zinafanana. Basi plagi nayo imeandikwa. Namba iko kwenye kaure ile nyeupe au kwenye chuma chake, na kila herufi ina maana yake.

Chukua D8EA ya NGK. Inatumika kwenye injini ya Honda CG125 na kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga injini hiyo. Herufi D inasema unene wa meno ni milimita 12. Ingekuwa C ni milimita 10, ingekuwa B ni milimita 14. E inasema urefu wa meno ni milimita 19; ingekuwa H ni milimita 12.7. Ukikuta R kwenye namba nyingine, maana yake plagi ina kizuizi ndani kinachopunguza kelele za umeme, na kama injini yako ilikuja na plagi yenye R usiweke isiyo nayo.

Ile 8 ya katikati ndiyo inayosahaulika, kwa sababu haionekani kwa macho. Ni kiwango cha joto. Ncha ya plagi inatakiwa ipate moto wa kutosha, karibu nyuzi 500, ili ichome masizi yanayoigandia. Lakini ikipita nyuzi 800 na zaidi, ncha yenyewe inageuka kaa la moto, inawasha petroli kabla ya wakati wake, na hapo pistoni inaweza kutoboka. Plagi inayopoteza joto haraka huitwa ya baridi, inayolishikilia huitwa ya moto. Mbili zinaweza kufanana kama mapacha, zote "zikaingia", moja ikakuulia injini mlimani ukiwa na gunia mbili za maharage nyuma.

Kuna mtego hapa kwa wenye maduka. Kwa NGK, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya moto zaidi. Kwa hiyo mteja akikuletea ya kampuni moja na wewe unayo ya kampuni nyingine, usilinganishe tarakimu kwa kukisia. Tafuta jedwali la kulinganisha, limo kwenye katalogi za watengenezaji, au mwambie mteja kwamba huna.

Nasikia pia vijana wa bodaboda wakisema kwamba kwa sababu wanapanda milima ya Ngara na mzigo mzito, lazima wabadilishe namba. Sikubaliani nao. Namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki imewekwa na waliotengeneza injini, wakijua itabeba mzigo. Ile ya kitabu ndiyo ya kufunga. Wala usidhani pikipiki zote zinakula plagi moja. Boxer ina yake, TVS ina yake, na toleo moja laweza kutofautiana na jingine.

Hatari kubwa zaidi naiona kwa wakulima kuliko kwa bodaboda. Nyumba moja leo inaweza kuwa na pampu ya maji ya petroli kwa ajili ya nyanya za bondeni, na pampu ya mgongoni ya injini ya kupulizia dawa. Injini kama Honda GX160 inatumia BPR6ES, meno ya milimita 14 kwa unene na 19 kwa urefu. Pampu nyingi za mgongoni hutumia BPMR7A, unene ni ule ule 14, lakini urefu wa meno ni milimita 9.5 tu. Ukihamisha plagi ya pampu ya maji ukaifunga kwenye ya mgongoni, itaingia vizuri kabisa kwa vidole. Halafu itazidi ndani kwa karibu sentimita nzima, na ukivuta kamba mara ya kwanza pistoni inaigonga. Ukifanya kinyume chake, fupi kwenye tundu refu, injini itawaka vibaya, na masizi yatajaa kwenye meno yaliyobaki wazi. Siku ukileta plagi sahihi haikubali kuingia, fundi anailazimisha, meno ya hedi yanakatika. Hedi ya silinda ni aluminiamu, ni laini. Gharama yake hailingani na plagi hata kidogo.

(Mashine ya kusaga ya dizeli na pawatila ya dizeli hazina plagi ya cheche. Akitokea mtu anayekudai hela ya kubadilisha plagi ya cheche kwenye dizeli, rudi nyumbani na hela yako.)

Kabla ya kununua mpya, soma ile ya zamani. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni injini yenye afya. Nyeusi kavu yenye masizi ni petroli kuzidi hewa, na kiangazi, kwa vumbi hili la barabara zetu, kitu cha kwanza kutazama ni kichujio cha hewa. Nyeusi yenye mafuta kwenye pikipiki ni oili inapanda, ringi zimechoka, na plagi mpya itakupa siku chache tu kabla ya kuchafuka tena. Nyeupe kama chokaa ni joto limezidi: huenda namba siyo, huenda hewa inaingia mahali isipotakiwa. Plagi ndiyo inayolaumiwa kwa sababu ni rahisi kuifungua, wakati mara nyingi inatoa habari tu.

Za bei kubwa za iridiamu sizipendekezi kwa pikipiki ya kawaida ya kabureta. Zinadumu zaidi, ni kweli, lakini haziongezi nguvu unayoweza kuiona ukiwa na mkungu wa ndizi nyuma. Plagi ya kawaida ya namba sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, inatosha. Pikipiki nyingi za aina hii huhitaji mpya kati ya kilomita 8,000 na 12,000. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anafika huko ndani ya miezi mitatu au minne.

Pesa hiyo uliyoiokoa itumie kukwepa bandia. Tazama maandishi, yasiwe yamefifia au kupinda. Tazama kama ncha ya juu imekaa katikati sawasawa. Kwenye NGK halisi ile washa ya chini ya meno haichomoki kirahisi kwa vidole. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na inayosimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Wenye maduka, dai risiti kwa anayewauzia jumla, maana siku ya ukaguzi mzigo utakutwa kwenye rafu yako.

Na kwenu wafanyabiashara nina ombi moja. Wekeni daftari. Mteja akinunua, andika aina ya pikipiki au pampu yake na namba ya plagi. Baada ya msimu mmoja utajua kijiji chako kinahitaji namba zipi, huenda ni tatu au nne tu, na utaacha kujaza boksi la mchanganyiko ambalo nusu yake halina mwenyewe. Mteja anayepewa namba sahihi atarudi, na atamwambia jirani.

Kufunga nako kuna utaratibu. Subiri injini ipoe. Futa mchanga kuzunguka tundu kabla ya kufungua, usije ukaanguka ndani. Anza kwa vidole mpaka plagi ikae, ikikataa usiilazimishe. Kisha spana: mpya nusu mzunguko, iliyokwisha kutumika robo au chini ya hapo. Nafasi ya cheche kwa D8EA ya CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7, kwa BPR6ES ya GX160 ni 0.7 hadi 0.8. Ya akiba ibebe ndani ya boksi lake, si tupu kwenye mfuko wa spana, kwa sababu kaure ikipata ufa mdogo hutauona, na cheche itapita humo badala ya nchani.