Ufunguo wa choo usikae kwa patroni

Hapa Lubumbashi, tukitaja haki za mfanyakazi, mawazo ya watu hukimbilia migodini: vumbi, kofia ngumu, ajali. Sisi tunaouza vitenge madukani hatukumbukwi. Nasi tuna letu la kudai: kwenda haja pale mwili unapotaka.

Duka nililofanyia kazi lilikuwa na choo, tena kizuri. Ufunguo wake ulifungwa kwenye kipande cha ubao, ukawekwa ndani ya droo ya pesa ya patroni. Ilibidi umwombe mbele ya wateja. Akiwa anahesabu pesa, unangoja. Akiwa ametoka, unangoja zaidi, au unakwenda kutafuta choo cha kulipia kwa pesa yako, ukijua ukirudi utagombezwa.

Basi tukazoea kutokunywa maji. Mwezi wa kumi, joto limekaza na mvua bado, tulishinda midomo mikavu. Mwenzetu mjamzito alimpimia mteja kitambaa huku amebana miguu. Aliye katika siku zake aliona heri abaki nyumbani akose malipo ya siku, kuliko kuomba ufunguo mara tatu mbele ya wanaume. Maumivu ya mkojo tuliyajua sote, na dawa tulijinunulia.

Mapatroni wengine hudhani hivyo wanazuia uvivu. Lakini muuzaji aliyebanwa hana subira ya kumfungulia mteja kitenge cha tano.

Haki hii ina msingi. Mwaka 1967 Kongo iliridhia Mkataba namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaohusu usafi katika biashara na ofisi. Madukani hasa, si migodini! Unadai vyoo vya kutosha vinavyotunzwa, maji safi ya kunywa, hata viti vya kukalia. Lakini choo kilichofungwa kina faida gani kwa mfanyakazi?

Kwa hiyo inspekta wa kazi akiingia dukani, asiishie kwenye karatasi. Aombe kuona choo, kisha amuulize muuzaji, patroni akiwa mbali, ufunguo unakaa wapi. Madelege wa sendika walipeleke jambo hili mezani pamoja na mishahara. Na ninyi mapatroni, hapa hamhitaji kujenga kitu. Pigeni msumari kando ya mlango wa choo, mtundike ufunguo hapo, leo hii.