KISIWA CHA MAONYESHO NA KISIWA CHETU



Michezo ya kompyuta na simu imeingia majumbani mwetu kwa kasi, hata hapa Kizwite. Asiye na mashine ya kuchezea huwatazama wengine wakicheza, kwenye simu ya kaka au ya mjomba, mpaka bando linakwisha. Wapo wazee wanaosema michezo yote ni upotevu wa wakati, na wapo vijana wanaosema yote ni elimu. Sisi tunaona pande zote mbili zimehukumu haraka mno. Katika makala haya tutazungumzia aina moja tu, ile michezo ya kukusanya viumbe na kujenga, na hasa jambo moja lililomo ndani yake: kisiwa kinachojengwa na watengenezaji wenyewe wa mchezo ili watu wakitembelee na kujionea.

Tuanze na mchezo wenyewe ulivyo. Katika Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwezi wa Machi 2020, mchezaji huanza na hema katika kisiwa kilichojaa magugu. Huvua samaki, hukamata wadudu, huchimba masalia ya viumbe wa kale na kuyapeleka makumbusho. Hujenga madaraja, hupanda maua, na kidogo kidogo wanyama huhamia na kuwa majirani zake. Katika Pokémon Pokopia, uliotoka mwaka 2026, mchezaji huwa Ditto, kiumbe anayejigeuza umbo. Humo kazi kubwa ni kutengeneza makazi. Panda majani, otesha miti, rudisha maji, na kiumbe anayependa mahali pa namna hiyo atakuja mwenyewe.

Mwaka 2020 huo huo mchezo wa kwanza uliongezewa njia ya kutembelea visiwa vya wengine kwa ndoto. Mchezaji hulala kitandani, kisha hujikuta katika kisiwa cha mtu mwingine. Hutembea atakavyo, lakini akiamka hakuna alichokiharibu kule. Nintendo nayo ikajenga kisiwa chake na kukifungua kwa njia hiyo, wachezaji waone mambo yanayowezekana.

Je, kutembea katika kisiwa cha namna hiyo kuna faida? Tunasema ipo, kwa sharti. Wahenga walinena: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Fundi seremala hujifunza kwa kutazama kiti kilichokamilika, mshonaji kwa kufumua nguo na kuona ilivyoshonwa. Anayetembea katika kisiwa cha mafundi huku akijiuliza kwa nini njia imepinda hapa, au kwa nini mti huu umewekwa karibu na maji, huyo anasoma. Lakini anayepita akisema "kizuri, kizuri", kisha akarudi kwenye kisiwa chake na kukidharau, huyo amepoteza vitu viwili. Amepoteza wakati wake, na amepoteza mapenzi ya kazi yake mwenyewe.

Hapa wengine watatuuliza: habari za visiwa vya kubuni zinatuhusu nini sisi wa nyanda za juu za Ufipa, tena mbali na bahari? Zinatuhusu, kwa sababu nchi yetu ilijenga visiwa vya maonyesho miaka mingi kabla ya michezo hii kuwapo. Visiwa hivyo ni vya udongo na maji, na wanyama wake hula na kufa kweli.

Cha kwanza ni Saanane, kisiwa kidogo cha mawe karibu kabisa na mji wa Mwanza. Kilichukua jina la mzee Saanane Chavandi, aliyekuwa akikimiliki. Mwaka 1964 serikali ilianzisha pale bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na wanyama wa aina mbalimbali wakavushwa kwenda huko ili wananchi wa Kanda ya Ziwa wawaone na kujifunza kuwahifadhi. Tangu mwaka 2013 Saanane ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote tulizo nazo.

Cha pili ni Rubondo, kisiwa kikubwa chenye msitu mnene, kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria. Hicho ndicho kinachofanana zaidi na kisiwa cha watengenezaji. Mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, Ujerumani, ambaye wengi wanamjua kwa kazi yake ya Serengeti, pamoja na wenzake walitaka pawe mahali salama pa wanyama waliokuwa wakiwindwa kwingine. Wenyeji wa asili wa pale ni nzohe, pongo, viboko na mamba. Juu ya hao wakaletwa twiga, tembo, mbega, faru weusi, korongo na wengineo. Ajabu kubwa kuliko zote walikuwa sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walifunguliwa pale sokwe takriban 17, waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezaliwa mwituni Afrika Magharibi, wakakamatwa na kuishi vizimbani. Watu wengi wangedhani watakufa kwa njaa. Haikuwa hivyo. Walijifunza upya kutafuta matunda na kujitengenezea viota mitini, wakazaana, na leo vizazi vyao vinaishi msituni bila kulishwa na mtu.

Mgeni anayefika Rubondo leo huona msitu, twiga na tembo, akasema kazi hii imefana. Ni kweli, imefana. Lakini sisi tunamtaka mwanafunzi aulize maswali matatu ambayo kisiwa cha maonyesho hakimjibu mtu asiyeuliza.

Swali la kwanza: ni nani hayupo? Kabla ya kuwa hifadhi, Rubondo palikuwa na watu, wavuvi na wakulima, wenye makaburi ya wazee wao pale. Walihamishwa ili kisiwa kiwe cha wanyama. Katika mchezo ardhi huwa tupu tangu mwanzo, na magugu hayana mwenyewe. Katika dunia yetu ardhi tupu ni nadra sana, na anayeambiwa kuwa mahali fulani palikuwa patupu hana budi kuuliza mara ya pili.

Swali la pili: ni nani aliyeletwa akashindwa? Faru weusi wa Rubondo hawapo tena. Korongo nao walitoweka. Katika mchezo ukikosea huondoa mti na kuupanda upya, au huwasha mashine na kuanza kisiwa kingine. Faru aliyekufa hana kuanza upya. Ndiyo maana tunasema mchezo unafundisha nusu ya somo. Unafundisha kuwa kiumbe huhitaji makazi yanayomfaa, na hilo ni somo la kweli, lakini haufundishi uzito wa kukosea.

Swali la tatu: ni nani anayekitunza mjenzi akiisha kuondoka? Kisiwa cha mchezo hubaki kama kilivyoachwa, ila magugu machache. Msitu una majangili, una moto, una njaa ya watu wanaoishi kando yake. Makazi ya mnyama si nyasi na maji peke yake. Jirani yake naye ni sehemu ya makazi hayo. Jirani akiona faida humlinda mnyama. Akiona hasara tupu, hata askari mia hawatoshi.

Sasa turudi kwetu. Ukisimama hapa Sumbawanga na kutazama milima ya Mbizi, unatazama kisiwa. Hakikuzungukwa na maji, kimezungukwa na mashamba na nyika. Katika msitu ule wa mlimani wanaishi mbega wekundu, jamii iliyo katika hatari ya kutoweka duniani. Hakuna aliyewaleta kwa meli wala kuwajengea. Wapo, nao hawawezi kuvuka uwanda mtupu kwenda kutafuta msitu mwingine. Vijito vinavyotoka milimani humo ni maji yetu. Moto wa kiangazi unaowashwa ovyo na shoka la mkaa vinakimega kisiwa hicho kila mwaka. Wangapi kati yetu wanaweza kutaja viumbe kumi wa mchezo kwa majina, lakini hawajui kuwa mbega hao wapo?

Hatusemi haya ili kuwaaibisha waliocheza. Tunasema ustadi ule ule wanaoutumia katika mchezo uletwe hapa. Wazee wa Kifipa walikuwa wajenzi wa namna hiyo. Walifukia majani ndani ya matuta ya mviringo, wakayaacha yaoze, na msimu uliofuata udongo ukawa na rutuba bila mbolea ya dukani. Walijua kutengeneza mahali kwanza, kisha kungoja. Ndiyo hekima ambayo mchezo wa Pokopia unawauzia watoto wa leo kwa fedha nyingi.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo. Kila darasa lichague pembe moja ya uwanja au ya shamba la nyumbani, hata iwe hatua kumi kwa kumi. Waandike leo ni ndege gani, vipepeo gani na mijusi gani wanaoonekana pale. Kisha wapande miti ya asili ya huku kwetu, waweke maji katika chombo kifupi, wazuie moto na mbuzi. Baada ya mwaka wahesabu tena. Orodha hizo mbili zichapwe katika jarida hili, ya kwanza na ya pili, bila kuongeza wala kupunguza. Kama hakuja hata ndege mmoja mpya, liandikwe hilo pia, pamoja na sababu wanayoidhani.

Na anayecheza aendelee kucheza kwa kiasi, masomo na kazi za nyumbani zikiisha. Akitembelea kisiwa cha mafundi, atazame kwa jicho la mwanafunzi, aulize maswali yale matatu. Kisha afunge simu atoke nje, maana mcheza kwao hutunzwa, na kwao ni hapa.